Dawa ya Bure Haigharimii Jaribio la Zabibu

Swali linaloulizwa kila msimu na wakulima wa zabibu na wenye viwanda vya mvinyo wa Dodoma, la mfadhili yupi atoe fedha za kujaribu dawa, mbolea au hamira mpya, limekaa vibaya tangu mwanzo, kwa kuwa muulizaji huwa hajakadiria gharama ya jaribio lenyewe, na asiyeijua gharama hawezi kujua kama anahitaji mfadhili au makubaliano tu na wenzake wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao.

Swali hilo limezaliwa na imani moja iliyoenea mno: kwamba muuza pembejeo akitoa bure chupa chache za dawa ya ubwiri unga, kuvu inayofunika majani na punje kwa vumbi jeupe, mkulima akanyunyizia nusu ya shamba na kuiacha nusu ya pili kwenye salfa aliyoizoea, basi jaribio limekwisha kugharimiwa. Halijagharimiwa hata kidogo. Nusu mbili za shamba moja hazifanani, kwani upande mmoja huwa bondeni, ambako mizabibu hujaa majani yanayozuia hewa kupita, na wa pili hupakana na njia ya mbuzi. Hivyo tofauti inayoonekana wakati wa kuvuna yaweza kuwa ya udongo, ya kivuli au ya mkono wa mpogoaji, na hakuna hesabu, hata akiifanya profesa, itakayoitenga na tofauti ya dawa. Kinachoitenga ni marudio, yaani kila dawa kupewa vipande vinne au zaidi vilivyotawanywa shambani kwa kura, huku safu moja ikiachwa katikati ili dawa inayopeperushwa na upepo isivuke. Na marudio ndiyo yanayokula fedha: vibarua wa kuvuna kila kipande peke yake, kreti zenye alama, mizani, na fidia ya zabibu zitakazoharibika iwapo dawa mpya haitafua dafu. Bei ya chupa mbele ya hayo ni ndogo, na ndiyo maana hutolewa kwa ukarimu.

Kiwandani kosa ni lile lile, pale tangi moja la hamira mpya linaposhindanishwa na tangi moja la zamani, ilhali yalijazwa mchuzi wa siku tofauti. Mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa na ambayo hayajachachuka, ukichanganywa kwanza kisha ukagawiwa katika vyombo sita vya lita 20, vitatu kwa kila hamira, hufundisha zaidi, ingawa vyombo vidogo hupoteza joto upesi. Tena Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya wakati wa mvua hayajumlishwi na ya kiangazi.

Bajeti ikishaandikwa hivyo, AMCOS yaweza kukata kiasi kidogo kwa kila kilo, kama ilivyo Australia, ambako tozo ya utafiti ya wakulima huongezewa na serikali. Kiwanda kitoe vyombo na vipimo vya sukari na asidi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kiombwe kupanga vipande. Mwanafunzi wa uzamili wa SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambaye nauli yake ni nafuu kuliko ada ya mshauri, akusanye takwimu. Na andiko kubwa zaidi lipelekwe COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kupitia watafiti. Muuza dawa naye akaribishwe, kwa mkataba unaotiwa saini kabla ya kunyunyizia, kwamba atalipia uvunaji na fidia, na kwamba matokeo yatatangazwa hata yakimuumbua.