Kukanda kwa Kipimo: Kwa Nini Mikono Yenye Cheti Irudi Darasani

Bilpam ni makao makuu ya jeshi la Sudan Kusini, jijini Juba. Jina hilo lilivuka mpaka pamoja na wapiganaji: Bilpam ya kwanza ilikuwa kambi ya SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan, upande wa Gambela, Ethiopia, vita vyao na serikali ya Khartoum vilipoanza mwaka 1983. Vita hivyo vilikoma kwa mkataba wa mwaka 2005, vingine vikalipuka Desemba 2013 hapo hapo Juba. Askari na raia walionusurika wamebaki na vipande vya bomu mwilini, mifupa iliyounga vibaya, miguu iliyokatwa na makovu yaliyokakamaa.

Mtu wa namna hiyo akisema mguu unamsumbua, watu wa nyumbani humkanda. Mafuta yanapashwa moto, misuli inachuliwa, na mara nyingi mgonjwa anapata nafuu ya kweli. Akifika kliniki atakutana na mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye naye alifundishwa kukanda alipokuwa chuoni. Lakini mafunzo ya msingi humwandaa mtaalamu kwa mgongo uliochoka, bega lililoganda na mgonjwa wa kiharusi. Kigutu cha mguu uliokatwa na bomu la ardhini kina mambo yake, na mikono inayokigusa inahitaji elimu ya ziada. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ni kipimo: wapi, lini, kwa nguvu kiasi gani, na wakati gani mkono uondoke kabisa.

Ngozi inavyousikia mkono

Mwaka 2010 maabara ya Ardem Patapoutian, huko California, iligundua protini zinazofunguka kama milango pale seli inapobonyezwa. Mojawapo, iitwayo PIEZO2, ndiyo inayotuwezesha kuhisi mguso mwepesi na kujua viungo vyetu vimekaaje hata tukifumba macho. Ugunduzi huo ulimpatia Patapoutian sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Kila mkandaji anaposhika mwili, milango hiyo ndiyo ya kwanza kuitika.

Kuna pia nyuzi za fahamu nyembamba, nyingi zikiwa kwenye ngozi yenye vinyweleo, ambazo huitika vizuri zaidi mkono unapopita polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Mkono ukikimbia au ukikawia mno, mwitikio wake hupungua. Watafiti wanazihusisha nyuzi hizi na hisia ya kutulizwa. Kwa hiyo mwendo wa mkono ni sehemu ya dozi, sawa na nguvu yake na muda wake.

Nafuu ya maumivu nayo ina maelezo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba taarifa za mguso na za maumivu hukutana kwenye uti wa mgongo, na za mguso zinaweza kuzipunguza nguvu zile za maumivu kabla hazijapanda kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kingali kinatumika. Ndiyo sababu mtoto aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa na mtu.

Sayansi hiyo hiyo imefuta mambo tuliyoyazoea. Wengi wetu tumeambiwa kwamba kuchua misuli baada ya mazoezi huondoa asidi iliyojaa humo. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada waliwachukua vijana 11, wakawaagiza kuendesha baiskeli ya mazoezi hadi wakachoka kabisa, kisha wakawachua mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha wa pili. Vipande vidogo vya misuli vilipochunguzwa, asidi haikuwa imepungua. Kilichopungua ni ishara za uvimbe ndani ya seli, na zikaongezeka ishara za kujenga mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Utafiti huo ni mdogo, lakini unaonyesha kwamba kuchua kunaweza kufanya kazi kwa njia tofauti na ile tuliyoisoma. Mtaalamu aliyehitimu zamani hana namna ya kuyajua haya asiporudi kusoma.

Kigutu mikononi mwa mtaalamu

Tumchukue mtu aliyekatwa mguu chini ya goti. Kabla ya kumgusa, mtaalamu aliyefundishwa vizuri anaomba ruhusa. Aliyepitia vita, na pengine mateso, ana haki ya kujua mkono unakwenda wapi na kwa nini, na aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kinuer au Kibari. Kisha anatazama. Kidonda kimefunga? Kuna wekundu, joto au usaha? Iwapo kidonda bado kiko wazi, kovu haliguswi.

Kidonda kikiwa kimefunga, kazi inaanza kwa mgonjwa mwenyewe. Ngozi ya kigutu kipya huwa na wasiwasi, hata shuka likiigusa inauma. Mgonjwa anafundishwa kuigusa kwa pamba, baadaye kwa kitambaa laini, halafu kwa taulo, dakika chache mara kadhaa kwa siku, mpaka ubongo uzoee kwamba mguso huo hauna hatari.

Kisha linafuata kovu. Mtaalamu anaweka vidole viwili kando yake, bila mafuta, maana vidole havitakiwi kuteleza. Anaisogeza ngozi juu ya mfupa kwa miduara midogo, taratibu, akitafuta mahali iliponasa. Ana sababu nzuri: kovu lililoshikana na mfupa wa muundi huvutwa kila hatua ndani ya soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayopokea kigutu, na hatimaye ngozi huchanika. Mguu bandia uliotengenezwa kwa ustadi unaweza kukaa pembeni bila kuvaliwa kwa sababu ya kovu la namna hiyo.

Vidole hivyo hivyo huenda vikakutana na kivimbe kidogo ambacho kikiguswa mgonjwa anaruka kama aliyepigwa na umeme. Hiyo ni ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa, ambao umejaribu kuota tena ukajiviringisha. Mkandaji asiyejua atadhani ni fundo la misuli na atalibonyeza kwa nguvu. Anayejua analikwepa, analiandika kwenye faili na kumwarifu fundi wa viungo bandia ili soketi isiligandamize. Mwishoni kigutu kinafungwa bandeji ya kunyumbulika kwa mtindo wa namba nane, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo.

Kuna maumivu mengine yasiyofikiwa na mkono hata kidogo. Daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, aliandika mwaka 1871 juu ya watu wanaoumwa na mguu ambao haupo tena. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, askari 22 waliokatwa mguu waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifanya mazoezi likitazama mguu mzima kwenye kioo, ubongo ukaona miguu miwili. Baada ya wiki nne, wote waliomaliza katika kundi la kioo walisema maumivu yamepungua. Katika makundi mengine wengi hawakupata nafuu. Kioo ni kitu cha bei ndogo, na mtaalamu wa Juba anaweza kukitumia iwapo amefundishwa.

Wakati wa kuondoa mkono

Mbinu maalumu zina mipaka yake, na kozi nzuri huifundisha kwa uwazi. Ukandaji wa limfu alioubuni Mdenmaki Emil Vodder miaka ya 1930 ni mwepesi mno, unavuta ngozi tu. Kwa mgonjwa aliyevimba mkono baada ya matibabu ya saratani ya matiti, mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba ni salama na unaweza kuongeza faida kidogo juu ya bandeji za kubana, ambazo ndizo nguzo ya tiba. Msuguano wa kina wa kano uliotangazwa na James Cyriax wa London unapendwa na wengi, lakini ushahidi wake hadi sasa ni hafifu. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo.

Hatari nazo zipo. Shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, likawa na moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kulichua kunaweza kulisukuma donge la damu hadi kwenye mapafu na kuua. Kiwiko kilichoteguka kikikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, mfupa unaweza kuota ndani ya misuli na mkono usikunjuke tena. Tatizo hilo la mfupa kuota mahali pasipo pake huwapata sana waliokatwa viungo kwa milipuko.

Darasa liwe karibu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ya kiafya inayoweza kunufaika na huduma za utengamao, na kwamba katika mazingira mengi ya kipato cha chini na cha kati wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Sudan Kusini ina vituo vya utengamao Juba, Rumbek na Wau vinavyosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Palipo na wataalamu wachache kiasi hicho, kumpeleka mmoja masomoni kwa miaka mitatu ni kufunga mlango wa kliniki.

Njia inayofaa ni mafunzo kazini. Mkufunzi aende Juba, au mwanafunzi atoke kwa wiki chache na kurudi na kazi ya kufanya chini ya usimamizi. Ukanda wetu una walimu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha TATCOT kimefundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Nairobi na Kampala nako kuna vyuo vya tiba ya viungo. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na ushirikiano wa namna hii ndio unaoipa jumuiya maana kwa mwananchi wa kawaida.

Kozi yenyewe ipimwe kwa wagonjwa. Kila mwanafunzi alete kumbukumbu za watu aliowahudumia: mzunguko wa kigutu kwa futikamba, pembe ya goti likikunjwa na kunyooshwa, maumivu kati ya 0 na 10, na hatua ambazo mtu anaweza kutembea bila kuvua mguu bandia. Vipimo hivyo vichukuliwe kabla ya tiba na baada yake. Namba zikisimama pale pale, mbinu ibadilishwe, hata kama mwalimu wake ni maarufu. Cheti cha kozi kitolewe kwa aliyeonyesha kwamba wagonjwa wake wanatembea zaidi, na kwamba anajua yupi wa kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo bila kumkanda.