Masaji Diani: Kifurushi Bora Huanza na Swali kwa Mteja

Watoa huduma ya masaji katika ufuo wa Diani, Kaunti ya Kwale, hupata wateja wengi kuanzia Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Masika yanapoingia, wageni hupungua na wengi hukimbilia kushusha bei. Bei ikishashuka, ni vigumu kuipandisha msimu unaporejea.

Iko njia nyingine: kupanga huduma upya ili mteja alipie kile anachohitaji, badala ya kila mtu kuuziwa saa moja ya kukandwa mwili mzima. Mpango huo huitwa kifurushi. Huonyesha sehemu za mwili zitakazokandwa, muda, mafuta yatakayotumika na bei, vyote vikiwa vimeandikwa mahali mteja anapoweza kuviona.

Muulize mteja kwanza

Kabla ya kuunda kifurushi kipya, mtoa huduma anashauriwa kuweka daftari kwa mwezi mmoja na kumuuliza kila mteja maswali manne: Unaumwa au umechoka wapi? Umekuwa ukifanya kazi au shughuli gani? Una muda kiasi gani? Unapenda mkono mzito au mwepesi?

Mwisho wa mwezi, majibu yanayojirudia ndiyo yanayoonyesha soko. Anayeteleza baharini kwa tiara hulalamikia mikono na mabega. Aliyesafiri usiku kucha hutaka shingo na mgongo. Mwendeshaji bodaboda wa Ukunda huumwa kiuno, naye fundi cherehani huumwa shingo. Hawa wawili hawana nafasi ya kulala kitandani saa nzima wakati wa kazi, na ndio wanaobaki wageni wakiondoka.

Kutokana na majibu hayo mtoa huduma anaweza kuanza na vifurushi vitatu: dakika 30 za shingo na mabega mteja akiwa ameketi, dakika 45 za mgongo na miguu, na saa moja ya mwili mzima. Utamaduni wa Pwani pia una nafasi yake. Bi harusi husingwa kwa singo na liwa, na mafuta ya nazi yanapatikana hapa hapa Kwale. Kifurushi cha bi harusi kinaweza kuuzwa hata msimu wa watalii ukiwa chini.

Hesabu kabla ya kutangaza bei

Tuseme masaji ya saa moja inauzwa Sh1,500. Mafuta yanagharimu Sh80, kufua shuka Sh60, kamisheni ya aliyemleta mteja ni asilimia 10, yaani Sh150, na mchango wa kodi na leseni ni Sh120. Jumla ni Sh410, na mtoa huduma anabaki na Sh1,090.

Akishusha bei ya saa hiyo hiyo hadi Sh700, gharama ni Sh330 na anabaki na Sh370. Lakini akiuza dakika 30 kwa Sh900, mafuta yanapungua hadi Sh40, kamisheni inakuwa Sh90, na gharama yote ni Sh310. Anabaki na Sh590 kwa nusu ya muda. Kila mmoja aweke bei na gharama zake halisi katika hesabu hii.

Muda mfupi pia huokoa mikono ya mkandaji. Vidole gumba na viganja vinavyofanya kazi mfululizo bila mapumziko huumia, na mkandaji aliyeumia hana kipato.

Wakati wa kukataa pesa

Kumjua mteja ni pamoja na kujua nani asikandwe. Mteja aliyetoka safari ndefu ya ndege au basi, akiwa na mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma, huenda ana damu iliyoganda kwenye mshipa. Donge hilo likisogea hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Asikandwe mguu huo. Aende hospitali mara moja.

Aliyetoka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kisha akaanza kuumwa viungo, kufa ganzi au kupata kizunguzungu naye apelekwe hospitali bila kuchelewa. Anayedhani ni uchovu tu anaweza kumpotezea muda wa matibabu.

Mwenye homa, ngozi iliyoungua kwa jua, au vidonda asubiri hadi apone. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apate ushauri wa daktari kwanza. Mama mjamzito katika miezi ya mwisho asilazwe chali. Alale ubavu, na akandwe na aliyefunzwa kazi hiyo. Kabla ya kutumia mafuta ya lozi au ya aina nyingine ya njugu, mteja aulizwe kama humdhuru.

Mkandaji asitangaze kuwa anatibu kiharusi, diski za mgongo au kupooza. Hiyo ni kazi ya daktari na ya mtaalamu wa fizioterapia aliyesajiliwa.

Leseni na siri za mteja

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la leseni za biashara, huduma za afya za kaunti na utalii wa eneo. Kwa hiyo anayefungua chumba au banda la masaji aanze katika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yake, na aulize afisa wa afya ya umma kuhusu usafi wa maji, shuka na mahali pa kazi. Shuka zibadilishwe kwa kila mteja.

Daftari la wateja nalo lina sheria yake. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti. Daftari lifungiwe, lisiachwe mezani, na picha ya mteja isiwekwe mtandaoni bila idhini yake.

Kifurushi kipya kijaribiwe mwezi mmoja. Wateja wakirudi, kibaki. Wasiporudi, waulizwe sababu, na kirekebishwe kabla ya bei kuguswa.