Gungu kwa Hesabu: Kata Moja na Mambo Yanayoizidi

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 215,458 katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ile ya 2022 ikahesabu 232,388. Ongezeko ni watu 16,930 kwa miaka kumi, chini ya asilimia 0.8 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa ikikua kwa asilimia 3.2. Huo ndio mji ambao Gungu ni mojawapo ya kata zake 19. Ukiwagawa wakazi sawasawa, kila kata inapata watu 12,231. Wastani huo hauzioni tofauti za kata na kata, lakini unatosha kuonyesha ukubwa wa kitu tunachokizungumzia: diwani mmoja, ofisi moja ya mtendaji, na watu wa kujaza uwanja wa mpira.

Sasa tazama ziwa lililo mbele ya mji huo. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na limebeba kilomita za ujazo 18,900 za maji. Ukiwagawia watu wa manispaa peke yao, kila mmoja, mtoto mchanga akiwemo, anaondoka na lita bilioni 81. Ukiona umewapunja Wakongo, Warundi na Wazambia, chukua asilimia 41 tu iliyo upande wa Tanzania. Bado kila mtu ana lita bilioni 33. Halafu umweleze mama wa Gungu kwa nini dumu la lita 20 analinunua kwa mtu wa mkokoteni siku bomba linapokauka.

Jibu la haraka ni mlima. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kuanzia hapo. Tenki lazima likae juu kuliko nyumba ya mwisho, basi tuseme maji yanainuliwa mita 100. Kuinua lita 1,000 kimo hicho kunahitaji uniti 0.27 za umeme kwa hesabu ya darasani. Ukiongeza upotevu wa pampu na msuguano wa mabomba, weka nusu uniti. Kwa hiyo uniti moja inapandisha madumu 100. Hata ukiilipia kwa bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO, shilingi 292 kabla ya kodi, kulipandisha dumu moja kunagharimu shilingi 3.

Shilingi tatu! Mlima, basi, hauna hatia kubwa hivyo. Kwa miaka mingi kosa lilikuwa la dizeli: Kigoma iliishi kwa jenereta hadi gridi ya taifa ilipoanza kuufikia mkoa mwaka 2022. Lita moja ya dizeli hutoa uniti tatu na kidogo, kwa hiyo mafuta yakiuzwa shilingi 3,000, uniti moja inakula karibu shilingi 900 kabla hujamlipa fundi. Kinachobaki leo ni mabomba, yaani kuyalaza, kuyaziba yanapovuja na kuyafikisha kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya ramani. Gharama hiyo haionekani kwenye dumu, na kuipanga si kazi ya kata.

Swali la nani anapanga na nani anatoza ni la zamani hapa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walimkuta Kannena, mkuu wa Kawele, sehemu ya Ujiji, ambaye bila mashauriano naye hukuupata mtumbwi. Misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa wenye nchi ndipo ikapita. Baadaye Mwinyi Kheri, mfanyabiashara aliyekuwa na nguvu Ujiji, akakubali kupeperusha bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na maamuzi yakaanza kuelekea pwani ya mbali. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,250 kutoka Dar es Salaam, haikwenda Ujiji. Iliishia Kigoma kwenye bandari yenye kina, na uzito wa mji ukahama nayo. Serikali huru nayo ilizifuta halmashauri mwaka 1972, ikazirudisha za miji mwaka 1978, kisha ikatunga sheria mbili mwaka 1982: namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji.

Kwa maoni yangu, katika tofauti ya sheria hizo mbili ndipo Gungu ilipopungukiwa. Chini ya namba 7, kijiji kilichosajiliwa kina halmashauri ya watu 15 hadi 25 ambayo ni mtu kisheria: inashtaki, inashtakiwa, inamiliki mali, na tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasimamia ardhi yake. Chini ya namba 8, mtaa hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti, kamati, mtendaji na muhuri. Kwa hiyo mkulima wa muhogo pembezoni mwa mji anaweza kuwa na jembe lile lile na njia ile ile ya vumbi kama mwenzake wa kijijini, lakini chombo chake cha karibu hakimiliki hata kiwanja cha kukutania. Kamati ya maendeleo ya kata, inayoongozwa na diwani, hupendekeza. Fungu hutoka halmashauri.

Na fungu lenyewe? Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu mwaka wa fedha 2023/24 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Asilimia 20 ndiyo inayorudi halmashauri, shilingi 3,600. Nyumba elfu moja zinarudisha milioni 3.6, na hizo ni za manispaa nzima kuzigombea. Shule nayo: ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo zinazofika shuleni. Ni shilingi 500 kwa mwezi kwa mtoto, za chaki, karatasi za mtihani na kitasa cha mlango.

Kuna pia mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa baadaye. Tuchukue mfano wa halmashauri inayokusanya bilioni 3. Asilimia 10 ni milioni 300, ukigawa kwa kata 19 ni milioni 15.8 kila moja, na wanawake wa kata nzima wanapata milioni 6.3. Vikundi vitatu vya wauza dagaa vikikopa milioni mbili mbili, fungu limekwisha.

Weka hiyo kando ya reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, iliyotiwa saini Desemba 2022: kilomita 506 kwa takriban dola bilioni 2.2. Kilomita moja ni dola milioni 4.3, kama shilingi bilioni 11 kwa dola ya shilingi 2,500. Fungu la mikopo la kata katika mfano wetu lingehitaji karibu miaka 690 kulipia kilomita hiyo. Sisemi reli isijengwe. Mwenye samaki wa mgebuka wa kuuza Tabora anaihitaji. Nasema mkutano wa mtaa hauwezi hata kuisogeza mita moja.

Ziwa nalo halisikilizi mkutano. Likipanda sentimita moja tu, limeongeza lita bilioni 329, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, ulioko Kongo. Lilipofurika mwaka 2020 na 2021, wakazi wa Kibirizi, kata nyingine ya manispaa, walihama ufukweni. Anayekaa meza ya ngazi hiyo ni Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne wa mwaka 2003, makao yake Bujumbura. Zuio la kujenga ndani ya mita 60 za ufukwe linatoka kwenye sheria ya mazingira ya 2004, iliyopitishwa Dodoma. Atakayebisha hodi kwa aliyejenga mita ya 40 ni mtendaji wa mtaa.

Hata manispaa yenyewe iliwahi kuzidiwa. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilikuwa kati ya serikali za mitaa 15 duniani zilizochaguliwa kuanza majaribio ya mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo, na manispaa ikatoka nayo.