SENTI YA 1943: IKO YA KWELI AO YA KUTENGENEZWA?



Wengi mmeniuliza juu ya ile senti ya Marekani ambayo mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita alinunua kwa intaneti, kwa telefone ya mukubwa wake. Alitumia feza za kulipia egzameni ya Serikali. Jina lake siandike, wala la muuzaji. Lakini nilikuwa labo siku tulipoipima, na naona wengine wameanza kutazama picha za namna ile, basi afazali nieleze.

Senti ya Marekani ilikuwa ya shaba. Mwaka 1943, wakati wa vita ya pili ya dunia, shaba ilitakiwa kwa kutengeneza risasi, hata shaba yetu ya Katanga ilikwenda kwa vita ile. Kwa hiyo wakapiga senti za chuma kilichopakwa zinki, rangi nyeupe, zaidi ya milioni elfu moja. Lakini vipande vichache vya shaba vilibaki ndani ya vyombo vya kiwanda, vikaingia mashinani pamoja na vya chuma. Lile njo kosa lenyewe. Leo zinajulikana karibu 20 tu. Ya Denver, yenye herufi D chini ya mwaka, iko moja peke yake. Iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1,7. (Wazee wengine wangali na franka mbili ya Kongo ya Wabelgiji ya 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo. Nayo ilipigwa Philadelphia, kiwanda kile kile.)

Mwaka 1947, katika mji wa Pittsfield, mwanafunzi wa miaka 16 alirudishiwa senti moja ya namna hii aliponunua chakula shuleni. Watu walisema kampuni ya Ford inatoa motokari kwa atakayeileta. Akauliza, kumbe uongo. Serikali nayo ikamjibu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Yeye akaitunza tu mpaka uzee. Iliuzwa Januari 2019, yeye amekwisha kufa, kwa dola 204 000. Mwenzetu aliuziwa yake kwa dola 40, na hapo angejiuliza.

Sasa kupima. Kwanza sumaku. Nyingi za uongo ni chuma kilichopakwa shaba juu, sumaku inazikamata mara moja. Yake haikukamatwa. Watu wakapiga kelele: «Ile njo yenyewe!» Kisha mizani. Senti ya chuma ina gramu 2,7, ya shaba 3,11. Mizani ya jikoni haiwezi kuonyesha tofauti ile. Tuliomba ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, ikaonyesha 3,1. Mwenzetu alianza kucheka peke yake.

Mwalimu wa fizika hakucheka. Akaomba lupe.

Sikilizeni vizuri hapa. Senti ya 1948 ni ya shaba ya kweli, uzito wake ni ule ule, na sumaku haiikamati. Mtu mwenye kisu kidogo anakata upande wa kushoto wa 8, inabaki 3. Lakini 3 ya mwaka 1943 ina mkia mrefu, unashuka chini ya msitari wa tarakimu nyingine. Tazameni picha ya senti yoyote ya chuma ya mwaka ule, mtauona. 3 ya mwenzetu haikuwa na mkia, ilikuwa nusu ya 8, na kando yake tuliona mikwaruzo. Tena, mashine za 1943 zilikuwa zinagonga kwa nguvu juu ya ugumu wa chuma, kwa hiyo ile ya shaba, iliyo laini zaidi, inaonyesha maandiko makali sana. Yake yalikuwa mazito.

Muuzaji aliandika pia «MS 65». Hali ya sarafu inahesabiwa toka 1 mpaka 70, na kuanzia 60 maana yake haijapita mikononi mwa watu. Inatazamwa nywele na shavu la Lincoln, na nyuma misitari ya masuke ya ngano. Shavu la hii lilikuwa limelika kabisa! Namba ile inafaa kutolewa na mtu asiyeuza. Kule Marekani, PCGS na NGC wanaifunga sarafu ndani ya plastiki yenye namba, unaitafuta kwa intaneti. Lakini hata plastiki watu wanaiga, basi linganisha picha na sarafu yenyewe. Na usiisugue ingʼae, bei inaanguka.

Muuzaji ameandikiwa mara tatu, hajibu. Kalasi ya sita tumeanza kuchanga kwa ajili ya egzameni ya mwenzetu. Anayetaka kusaidia aone kapita wa kalasi. Senti iko katika kabati ya labo. Lupe mwombeni mwalimu, na muirudishe.