Dabbab: magurudumu manne na bado inapinduka

Alhamisi jioni, kazi za wiki zikiisha, magari hutoka mtaa wa Olaya kuelekea Thumamah, nje ya Riyadh upande wa kaskazini, au kwenye mchanga mwekundu wa barabara ya Makka. Huko hukodishwa dabbab, pikipiki za magurudumu manne. Ninachokihofia zaidi ni kumwona mtoto ameshika usukani na dada wa kazi kupakizwa nyuma yake "amwangalie".

Wengi huamini chombo cha magurudumu manne hakianguki. Kinaanguka. Kimeinuliwa juu ili kivuke mawe, lakini upana wake ni mdogo, na zile kubwa zina kilo 250 na zaidi. Kwa nyingi, magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi moja. Kwenye kona gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo chombo hung'ang'ania kwenda mbele mpaka dereva ainuke kidogo na kuegemea upande wa ndani. Mwili wa dereva ni sehemu ya usukani! Mtoto wa kilo 25 hana uzito huo, na abiria asiyejua aegemee wapi huuharibu ule wa dereva.

Nchini Marekani, viwanda vilikubali mwaka 1988 kuacha kuuza zile za magurudumu matatu. Za manne ziliendelea kuuzwa, na onyo lake ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe za watu wazima.

Kisha kuna mchanga wenyewe. Tuta hupanda polepole upande unakotoka upepo, halafu upande wa pili hushuka ghafla, nyuzi 30 na kitu. Anayepanda kwa kasi haoni kilichopo nyuma ya kilele, wala dereva mwenzake anayekuja. Chombo kikitanguliza pua hubiringika, na kikimlalia mtu kifuani humzuia kuvuta pumzi, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Helmeti huokoa kichwa. Kifua hakina kinga hiyo.

Mwezi wa saba joto la mchana Riyadh huvuka nyuzi 43. Ngozi ya mtu ina nyuzi 35 hivi, kwa hiyo upepo unaompiga dereva usoni humwongezea joto, na kinachompoza ni jasho peke yake. Hewa kavu hulikausha jasho kabla hajaliona, naye hudhani hajapoteza maji. Jeddah, kando ya bahari, ni kinyume: unyevu hulizuia jasho kukauka, mwili ukalowa bila kupoa. Kote kuwili, endesheni usiku, mnywe maji kabla ya kiu.

Mwenzenu akianza kuyumba, kuropoka au kuchanganyikiwa, huenda mwili wake umefika nyuzi 40. Pigeni 997, gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu. Msikae kulisubiri tu: mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu.