Mauzo mazuri lakini mtaji unaisha? Piga hesabu hii kabla ya kuchukua 'kausha damu'

Wanawake wengi wenye biashara ndogo Tanzania hukimbilia mkopo pale mtaji unapoyumba. Lakini mara nyingi shida siyo mtaji mdogo. Shida ni kwamba hela ya biashara na hela ya nyumbani zinakaa kwenye pochi moja.

Mtaji unavyoliwa

Chukua mfano wa mama lishe anayeuza chakula cha Sh80,000 kwa siku. Mchele, nyama, maharage, mkaa na kodi ya kibanda vinamgharimu Sh62,000. Faida yake ni Sh18,000.

Jioni anachomoa Sh25,000 kwa ajili ya nyumbani. Hapo amekula faida yote na Sh7,000 ya mtaji. Akiendelea hivyo, ndani ya siku tisa ile Sh62,000 imekwisha, na wateja bado wanajaa.

Mkopo unaongeza pengo

Sasa anakopa Sh100,000 mtaani. Marejesho ni Sh5,000 kila siku kwa siku 26, jumla Sh130,000.

Faida ni ileile Sh18,000, ila ikitoka rejesho inabaki Sh13,000. Nyumbani bado panataka Sh25,000. Pengo lililokuwa Sh7,000 sasa ni Sh12,000. Kufikia siku ya tisa hela ya mkopo imekata, na marejesho ya siku 17 bado yanadaiwa. Hapo ndipo mtu anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza.

Afanye nini?

1. Ajilipe mshahara. Katika Sh18,000, anaweza kupeleka nyumbani Sh12,000, akaweka akiba Sh4,000, na Sh2,000 ikawa ya sufuria na vyombo. Mtaji haguswi.

2. Atenganishe hela. Laini moja ya simu iwe ya biashara tu, nyingine ya matumizi yake.

3. Aandike kila siku. Daftari la mistari mitatu linatosha: mauzo, gharama, alichochukua.

4. Aongee na familia. Hapa ndipo pagumu. Kama nyumbani panahitaji Sh25,000 na biashara inatoa Sh12,000, hiyo Sh13,000 ni ya kujadiliwa na mume au watu wa nyumbani, siyo kuichomoa kimyakimya kwenye mtaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Biashara yake ni mali yake.

Akilazimika kukopa, aende wapi?

Kwenye VICOBA na SACCOS, riba haiendi kwa mtu wa nje. Inarudi kwa wanachama wenyewe, na VICOBA vingi hugawana mwisho wa mzunguko.

Kwa watoa mikopo wenye leseni ya Benki Kuu, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh100,000, hiyo ni Sh3,500. Ule mkopo wa mtaani ulibeba Sh30,000 ndani ya siku 26. Aombe kuona leseni, na asisaini kabla ya kusoma makato mengine.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mwanamke huomba kupitia kikundi kilichosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mkopo mzuri ni ule unaoongeza faida, kwa mfano kununua sufuria kubwa ili sahani ziongezeke. Ukienda kuziba pengo la nyumbani, hata usio na riba utamwelemea.