Mtoto Ambaye Macho Yake Hayatulii



Swali hili hutufikia tena na tena kutoka kwa vikundi vya akina mama huku Nyamache. Mtoto ana miezi mitatu au minne, na macho yake yanakwenda kulia na kushoto bila kupumzika. Je, amelaaniwa? Ametazamwa na mtu mwenye jicho baya? Na ni lazima apasuliwe?

Hakuna laana hapa, wala jicho baya. Na watoto wengi husaidiwa bila kisu.

Madaktari huita hali hii nistagmasi. Ile ya utotoni kwa kawaida huanza kabla ya miezi sita. Wakati mwingine ni ya kurithi, wakati mwingine jicho lenyewe lina kasoro, na karibu watoto wote wenye ualbino wanayo. Jambo moja hushangaza wengi: macho yanacheza, lakini mtoto haoni dunia ikitikisika. Ubongo wake umezoea hivyo tangu mwanzo. Shida yake ni kwamba vitu vya mbali havimtokei wazi.

Kwanza apelekwe hospitali ijulikane chanzo ni nini. Anzeni hapa hapa hospitali ya Nyamache, mpate barua ya kwenda kwa wataalamu wa macho kule Kisii. Kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina mahali pa kuandika habari za macho. Mwulizeni muuguzi kama amepajaza. Mboni ikionekana nyeupe, hiyo yaweza kuwa mtoto wa jicho au hata saratani. Hapo msikatae upasuaji wala msingoje mavuno ya chai. Na kama macho yameanza kucheza ukubwani, pamoja na kichwa kuuma, kutapika au kuyumba, huo ni ugonjwa mwingine. Aende siku hiyo hiyo.

Sasa tuseme ukweli. Hakuna dawa inayojulikana ya kuyatuliza macho haya kabisa. Kazi iliyopo ni kumpa mtoto uoni bora anaoweza kupata, na kazi hiyo huanza na miwani. Wengi wa watoto hawa wana kasoro nyingine ambayo miwani hurekebisha. Macho bado yatacheza, lakini herufi zitaonekana. Akipimwa, mwambieni mpimaji asisahau kumpima macho yote mawili yakiwa wazi pamoja, kwa sababu jicho moja likizibwa mara nyingi lile lingine huzidi kucheza. Kwa sababu hiyo hiyo, msimzibe jicho nyumbani bila amri ya daktari. Mtoto anakua, kwa hiyo miwani ipimwe tena kila mwaka. Mwenye ualbino huhitaji pia kofia pana na vioo vya rangi ya kupunguza mwanga.

Kuna lenzi za kuvaa ndani ya jicho, ambazo huwasaidia wengine. Lakini zinataka dawa ya kuoshea na mikono safi kila siku, na kwa mtoto wa kijijini sisi hatuzisifu sana. Dawa za kumeza nazo zipo: mwaka 2007 madaktari wa Leicester, Uingereza, walieleza kwamba gabapentini na memantini ziliboresha uoni wa baadhi ya watu wazima. Hizo hutolewa na daktari bingwa, hazinunuliwi dukani. Majani ya kukamuliwa machoni, hapana kabisa. Yanaweza kupofusha.

Tena kuna tiba isiyo na bei. Wengi wa watoto hawa wana upande mmoja ambao wakitazama, macho hutulia kidogo. Ndiyo maana utamwona mtoto amegeuza uso anaposoma. Si kiburi, wala si ugonjwa wa shingo, na mwalimu asimpige kwa hilo. Anayegeuza uso kushoto akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili ubao uwe kuliani kwake. Wa kulia afanye kinyume. Aache ashike kitabu karibu na pua, maana wengi wao macho hupunguza kucheza wanapotazama karibu. Hilo halimharibu. Akiharakishwa au akiogopa, macho huzidi.

Kikundi kina nafasi gani? Hebu fikirini: matanga yakitokea, siku mbili tu pesa zimepatikana. Nauli ya kwenda Kisii na miwani ya mtoto mmoja ni mzigo mdogo kuliko huo, na merigoraundi inaweza kuubeba. Kwa wanaohitaji huduma zaidi, kuna hospitali za kanisa zenye vitengo vya macho: Tenwek kule Bomet, na PCEA Kikuyu, ambako kuna huduma ya watu wenye uoni hafifu.

Msikubali mtoto aambiwe ni kipofu na aachwe nyumbani kuchunga ng'ombe. Mpelekeni kwenye kituo cha EARC, vile vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, aelekezwe shule inayomfaa. Mara nyingi ni hii hii ya jirani. Na kabla ya mtihani wa taifa, mzazi amkumbushe mwalimu mkuu mapema amsajili kama mwenye uoni hafifu, ili baraza la mitihani limwandalie karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada. Siku ya mtihani yenyewe itakuwa kuchelewa.